Majina Mawili Chini ya Ukurasa

Fui Mumtaz aliteremka kutoka Mombasa Ijumaa asubuhi na mkoba mmoja tu, nami nikajua kuna jambo. Fui ni shangazi yangu, dada wa baba, na tangu nimfahamu hajawahi kusafiri na mkoba mmoja. Akija Tanga kwa siku mbili huja na mizigo ya wiki mbili, pamoja na kikombe chake mwenyewe cha chai, kwa kuwa vya kwetu anasema vinanuka achari. Siku hiyo hata chai hakuitaka. Alikaa kwenye kiti cha baba pale dukani kwetu Usagara, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka juu ya kaunta mbele ya ndugu yake.

"Soma mstari wa chini kabisa," alisema.

Baba akavaa miwani. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni nikibandika lebo kwenye chupa za achari ya ndimu, na mkono wangu ukaacha kubandika. Ile karatasi niliitambua kabla haijakunjuliwa yote. Ulikuwa ni ukurasa wetu wa intaneti, umechapwa kwa wino mweusi, na mstari wa chini kabisa ulisema: Umeandikwa na Sarrah Pirbhai na Mudathir Shekhe, Tanga.

Sarrah Pirbhai ni mimi. Mudathir Shekhe ni kijana wa Mabawa, mtoto wa Bi Zuleha anayetuletea ndimu kutoka Pangani, na mpaka asubuhi ile baba alimjua kuwa ni fundi wa kompyuta basi. Mimi nilimjua kuwa ni mtu ambaye nikisikia sauti yake kwenye simu ya duka, mteja aliye mbele yangu itabidi arudie alichokuwa akitaka.

Fui alieleza yote kwa sauti ya chini, nayo sauti yake ya chini ndiyo mbaya. Kulikuwa na familia moja ya Mombasa, watu wa jamaa yetu, wa msikiti mmoja nasi, wenye kijana anayeitwa Khozema. Walikuwa waje Jumapili kuniona, na kama mambo yangekaa sawa, wanipose. Kabla ya kuja, mama yake Khozema akamwomba mwanawe mkubwa, Irfan, anayefanya kazi ofisini penye kompyuta, atazame kama watu wa Tanga wanajulikana kwa lipi. Irfan akaandika jina letu na jina la mji. Kitu cha kwanza kilichotokea mbele yake, juu ya vyote, kilikuwa ukurasa wetu. Akausoma mpaka chini, akauchapa, akampelekea mama yake.

Nisieleweke vibaya, hakuna neno baya lililokuwa limeandikwa pale. Lakini kwetu jina la msichana ambaye hajaolewa haliwekwi ubavuni mwa jina la mwanamume asiye ndugu yake. Majina mawili ya namna hiyo hukaa pamoja mahali pamoja tu, napo ni kwenye kadi ya harusi. Yeyote wa jamaa yetu aliyeuona mstari ule, awe Mombasa au Karachi, alisoma kadi.

Na mimi niliijua hiyo desturi yetu. Ndiyo sababu sina pa kujificha.

Acha nieleze tulifikaje hapo. Achari yetu ilikuwa na enzi yake. Miaka ile ya foleni, nilipokuwa mdogo, rafu za maduka zilikuwa tupu na kipande cha sabuni kilipatikana kwa kujuana, lakini achari ya nyumbani kwetu ilikuwepo siku zote, maana ndimu na chumvi na jua havikukosekana Tanga hata siku moja. Watu walikuja na chupa zao wenyewe. Baadaye biashara zikafunguliwa, rafu zikajaa, na achari za viwanda vya ng'ambo zikaingia na vifuniko vyekundu vinavyong'aa. Wateja wetu wakapungua mmoja mmoja kwa adabu kubwa, wakitusalimia barabarani kama kawaida huku chupa za wenzetu zikigongana ndani ya mifuko yao. Mama yangu, Mariya, ambaye ndiye aliyekuwa mkono wa achari ile, akafariki mwaka wa tisini na saba. Ilipofika mwaka wa elfu mbili baba alikuwa ameanza kusema tuache achari tuuze ndoo za plastiki.

Mimi na ndoo za plastiki wapi na wapi. Nikaenda kwenye intaneti kafe iliyofunguliwa mtaa wa pili, nikitaka kumwandikia rafiki yangu aliyehamia Kanada. Kijana aliyekuwa akiisimamia aliniuliza kwa upole kwa nini kibodi chake kimeanza kunuka haradali. Nikamjibu kwamba ni bahati yake, wengine wananunua harufu hiyo. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuinamisha kichwa, kama mtu anayeficha kitu kitamu mdomoni, na mimi nikarudi siku iliyofuata bila kuwa na wa kumwandikia.

Nilipomweleza habari za achari aliniambia tutengeneze ukurasa. Mimi nilishaandaa maneno yangu: achari bora, achari safi, karibuni wote. Mudathir akasoma, akakuna kichwa.

"Dada Sarrah, mtu wa Tanga aliyeko Kanada hakai mbele ya kompyuta akatafuta achari," aliniambia. "Anaandika jina la mtaa wao. Anaandika jina la shule yake. Anatafuta kwao. Sasa wewe mwandikie kwao, halafu achari aikute humo ndani."

Basi nikaandika kwao. Niliandika kuhusu barabara za Ngamiani, kuhusu harufu ya mkonge mbichi upepo ukigeuka, kuhusu paa la nyumba yetu na ndimu zilizoanikwa juu yake. Nilimwandika mama. Mudathir akayapanga, akachagua maneno ambayo watu hutafuta na kuyatia mahali panapofaa, kisha akalitangazia lile kundi la barua pepe la watu wa Tanga waliotawanyika dunia nzima. Kila aliyekuwa na ukurasa wake akamwomba aweke njia ya kuja kwetu, kwa sababu, alivyonifundisha, mtambo wa kutafutia humtanguliza yule anayeelekezwa na wengi. Tulihangaika miezi minane. Mwishowe mtu akiandika Tanga na achari, au Tanga na chochote kinachokaribia jikoni, alitukuta sisi juu. Maagizo yakaja kutoka Maskati, kutoka Toronto, kutoka miji ya Uingereza ambayo majina yake sikuweza kuyatamka. Tukaajiri akina mama wawili wa kukata ndimu. Baba akaacha kuzungumzia ndoo.

Ndani ya miezi hiyo minane nilipenda. Sina namna nyingine ya kusema. Siku moja umeme ulikatika tukiwa tumekaa mbele ya kompyuta moja, kioo kikageuka cheusi, nikaziona nyuso zetu humo ndani, zimekaribiana kuliko tulivyokuwa tukijua. Hakuna aliyeinuka. Feni nayo ilikuwa imezima, joto limejaa chumbani, na kwa muda wote ule tulitazamana ndani ya kioo kile, tukiogopa kugeuka na kutazamana kweli. Umeme uliporudi akaniuliza kama nilikuwa nataka kuongeza neno lolote kwenye ukurasa.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia aweke majina yetu chini, la kwangu na la kwake. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaandika. Kwa hiyo mjue tangu sasa: mstari ule niliuomba mimi.

Baba alipomaliza kusoma ile karatasi ya Fui hakufoka. Angefoka ningepumua. Aliikunja upya mara nne, akasema kesho asubuhi tutakwenda sote watatu huko kwenye kompyuta, na ukurasa ule ufutwe wote, usibaki hata nukta. Fui alikuwa ameshazungumza na mama yake Khozema. Kama ukurasa ukiondoka kabla ya Jumapili, na ikielezwa kuwa yalikuwa makosa ya fundi, wageni wangekuja kama walivyopanga na hakuna ambaye angelizungumza tena. Nikamuuliza baba na wanaoagiza je. Akasema achari itauzwa au haitauzwa, lakini binti anaye mmoja.

Nilielewa vizuri nilichokuwa napoteza. Ukurasa ukifutwa, achari ya mama inarudi kufa rafuni. Khozema akija, nami nahamia Mombasa na mkoba wa Fui. Na Mudathir anabaki kuwa makosa ya fundi. Nilitaka kumpigia simu nimwonye, lakini Fui alisogeza kiti chake akakaa karibu na simu, akatoa uzi na sindano zake za kufumia, akafuma mpaka duka likafungwa.

Jumamosi tulikwenda kwa miguu, baba mbele na kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, mimi na Fui nyuma na rida zetu, mavazi ya stara ya wanawake wa kwetu, yake ya zambarau, yangu ya kijani. Mudathir alikuwa ndiyo kwanza anafungua, mlango umeegeshwa, anafuta vumbi kwenye vioo. Alituona akasimama na kitambaa mkononi. Macho yake yalikuja kwangu mara moja tu, yakauliza, yakapata jibu, kisha yakaenda kwa baba.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," baba alisema. Fui aliitikia kwa kichwa. "Umeandika kitu juu ya nyumba yangu. Nimekuja ukifute."

Mudathir hakubishana. Alivuta viti vitatu, akavipangusa, akawasha kompyuta ile ya pembeni ambayo mimi na yeye tuliizoea. Tulisubiri simu ilie mlio wake wa kuunganisha. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwake na sikuthubutu kunyanyua macho. Ukurasa ukajitokeza kidogokidogo kutoka juu, na picha ya paa letu.

Baba akasogeza kiti.

"Hilo ni paa langu," alisema.

Mudathir akasema ndilo. Akaweka kidole juu ya kipanya, tayari kufanya alichoambiwa, na pale pale baba akamzuia kwa mkono.

"Ngoja. Sijapata kukiona. Siwezi kuzika kitu ambacho sijakiona uso. Sarrah, soma."

Kumbe karatasi ile ya jana aliisoma mstari wa chini tu, kama alivyoelekezwa. Nikasoma. Maneno yenyewe nilikuwa nayajua kwa moyo.

"Mama hakupata kupima chumvi kwa kijiko. Alitoka kwanza nje, akaunusa mchana. Kama hewa ilikuwa na unyevu alichota kiganja kimoja kilichojaa; kama ilikuwa kavu aliacha kidogo. Ndimu alizikata mara nne bila kuzitenganisha, akazishindilia chumvi tumboni, akazipandisha paani. Hapo ndipo mgongo wake ulipokuwa ukimshinda. Kila alasiri saa kumi, wateja wakiwa wachache, baba yangu aliweka kibao cha kusema amekwenda kusali, akapanda ngazi za nyuma, akazigeuza ndimu moja moja mpaka ziishe, kisha akashuka akanawa, akavaa kofia na kufungua duka. Hakuna mteja aliyejua. Mama alikuwa akisema kwamba achari ile watu wanamsifia yeye, lakini nusu yake imegeuzwa na mtu mwingine."

Baba alikuwa amevua miwani.

"Umewaambia watu wa Kanada kwamba mimi nilikuwa nageuza ndimu," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na kibao?"

"Na kibao."

Alipangusa miwani kwa shati lake kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Fui aligeuza uso akatazama ukutani, kisha akasema, bila kumlenga mtu, kwamba vilikuwa viganja viwili na si kimoja, kwa sababu yeye alisimama ubavuni mwa Mariya jikoni mara ngapi, na anaijua mikono yake ilivyokuwa midogo. Mudathir aliniuliza kwa macho. Nikamwambia aandike viwili. Akaandika.

Baba akauliza yale maneno mengine marefu chini ni ya nani. Nikamwambia ni barua za watu waliousoma. Akataka asikie. Nikamsomea ya mama mmoja wa Toronto aliyezaliwa mtaa wetu wa nyuma. Alisema walikuwa wakimwona Bwana Pirbhai juu ya paa kila alasiri, na kwa miaka yote wakiamini kuwa anahangaika na antena ya kushika televisheni ya Zanzibar. Sasa ameelewa, na amelia jikoni kwake mbele ya watoto wasiojua analilia nini, na anaomba chupa sita.

Hapo baba alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi chenye maji ndani yake, ambacho sikuwa nimekisikia tangu mama atutoke. Nikadhani tumepona. Lakini baba ni mtu wa kurudi kwenye jambo alilolijia, na aliteremsha kidole mpaka kwenye mstari wa mwisho.

"Haya. Na haya majina. Nani aliyeyaweka?"

"Mimi, mzee," Mudathir alisema. Alisema haraka, kabla sijavuta pumzi. "Binti yako hakujua. Watu huuamini zaidi ukurasa wenye majina ya watu, ndiyo kazi yetu ilivyo, nikayaweka bila kufikiri. Kosa ni langu peke yangu. Niko tayari kuja kuwaeleza hao wageni wenu."

Fui alishusha pumzi. Makosa ya fundi. Jibu lile lile alilokuwa amekwisha kuwaahidi watu wa Mombasa, limetoka kwenye mdomo wa fundi mwenyewe, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Jumapili ingefika, ningevaa dhahabu za mama, ningewamiminia wageni chai. Nilimtazama Mudathir. Alikuwa ameangalia kibodi, shingo imekaza, anajitoa maishani mwangu kwa adabu.

Nikakasirika. Naapa kabla ya mapenzi ilikuwa ni hasira.

"Anasema uongo," nilisema. "Baba, niliyaomba mimi. Yeye aliniuliza mara mbili kama nina hakika."

"Sarrah," Fui alisema.

"Nilijua yanasomekaje, Fui. Nilijua kuliko yeye. Mimi na Mudathir hatuwezi kutembea upande mmoja wa barabara. Akija dukani naongea naye nikiwa nimeshika chupa, ili nionekane nina kazi. Miezi minane tumefanya kitu kizuri pamoja na hakuna mahali hapa Tanga ambapo tungeweza kusimama watu wakatuona. Nilitaka tukae pamoja mahali, hata kama ni chini ya ukurasa. Nampenda. Mkiufuta ukurasa mtakuwa mmefuta ukurasa tu."

Fui alikuwa amefumba macho na midomo yake inasoma kitu. Baba hakunitazama mimi, alimtazama Mudathir.

"Na wewe ulikubali?"

"Moyoni nilikubali kabla hajamaliza kuomba, mzee." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hilo nalo nilipaswa kulisema mwanzo. Nimemlinda vibaya. Naomba radhi kwa uongo. Kwa lile jingine siwezi kuomba radhi, kwa sababu ningeliandika tena."

Fui akafumbua macho akasema imetosha, ufutwe, tena sasa hivi, kabla mtu mwingine hajafungua kompyuta yake Mombasa. Mudathir akashika kipanya. Kisha akakiacha, akamgeukia baba, akasema kuna jambo lazima alijue kwanza, maana hataki kumdanganya mara mbili kwa asubuhi moja. Anaweza kuufuta, nao utaondoka hapa. Lakini mtambo wa kutafutia una nakala yake uliyojiwekea, na utaendelea kuionyesha kwa wiki kadhaa. Tena watu wa lile kundi la barua pepe wameshautuma huku na huku, wengine wameunakili kwenye kurasa zao. Tuliwaomba wafanye hivyo, wakafanya.

"Kwa hiyo nikifuta, watu wa Mombasa wataona bado," baba alisema.

"Wataona, mzee. Wataona kila kitu isipokuwa namna ya kuagiza achari."

Baba alitafakari. Nilimwona akiirudia picha ya paa, kisha zile barua, kisha mstari wa mwisho. Akamuuliza Fui kama yule Irfan aliusoma wote au aliusoma nusu. Fui akasema aliusoma wote, ndiyo sababu aliuchapa.

"Aliwaambia nini nyumbani kwao juu yake?"

"Kwamba kuna jina la mwanamume."

"Juu ya Mariya?"

Fui alishika ukingo wa rida yake.

"Mumtaz, juu ya Mariya alisema nini? Juu ya mgongo wake?"

"Hakusema kitu," Fui alisema taratibu.

Baba akainuka. Alivaa miwani yake vizuri, akaweka kofia sawa, kama anavyofanya kabla ya kumwambia mteja mkubwa kwamba bidhaa anayoitaka hauziwi.

"Mtu amesoma habari zote zile za mke wangu," alisema, "na alichokiona ni mstari wa mwisho. Huko siwezi kumpeleka binti yangu. Utawapigia, dada yangu, au nipige mimi. Waambie wasisumbuke na safari."

Nilitegemea vita. Lakini Fui alikuwa akitazama pale palipoandikwa viganja viwili, na alichosema ni kwamba atapiga yeye, kwa kuwa baba hajui kuzungumza na wanawake wa Mombasa. Kisha akakumbuka kukasirika, akauliza na huyu je, akimwonyesha Mudathir kwa kidevu, maana msikiti wake si wetu, na watu wetu hawatatuacha tupumue.

"Najua," baba alisema. "Hilo ni zito na sitajifanya ni jepesi." Akamgeukia Mudathir, ambaye naye alikuwa amesimama, kitambaa cha vumbi bado kiko mkononi. "Nyinyi wawili mmeanza na kadi. Kwa watu wenye akili kadi ndiyo ya mwisho. Mama yako namfahamu. Una mtu mzima wa kiume?"

"Ami yangu yuko Pangani."

"Aje. Aje na mama yako, mchana, waje mlango wa mbele. Sijasema ndiyo. Usiende ukamwambia mtu nimesema ndiyo. Nimesema aje."

Mudathir alisema sawa, mzee. Machozi yalikuwa yananishuka nayo yananiingia mdomoni, na nilikuwa nikiyameza kwa furaha bila aibu yoyote.

Fui alitoka kwanza. Baba alifika kizingitini, akasimama, akasema bila kugeuka kwamba kuna barua za watu pale hazijajibiwa, na si adabu mtu akulilie kutoka Toronto ukamnyamazia. Nibaki nizijibu. Huyo kijana anisaidie pale nitakapokwama.

"Ila mlango uwe wazi," alisema.

Akashuka ngazi. Mudathir alisubiri mpaka mgongo wake ulipopotea kwenye kona ya barabara. Kisha akauendea ule mlango uliokuwa umeegeshwa tangu asubuhi, akaufungua mbawa zote mbili mpaka ukagonga ukuta, akauwekea viti viwili usijifunge. Jua likaingia hadi kwenye kompyuta ya pembeni. Akarudi akakaa karibu nami, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kapu lake la sokoni akachungulia ndani, akatuona, akatusalimia.

Tukaitikia kwa pamoja.